Ruzuku ya Kutotukanana

Nyumba ya wajawazito ya Chitebe ilikuwa na kuta, milango, madirisha na bango. Kilichokosekana ni paa tu. Bango lilikuwa la chuma, rangi ya buluu, na lilitangaza kwamba nyumba hiyo ni zawadi ya Mfuko wa Chipukizi kwa wananchi wa Chitebe. Lilifika kabla hata ya tofali la kwanza kufyatuliwa, likiwa na gari lake na mafundi wake, likasimikwa kwa zege. Saruji iliyotumika kulishikilia, akina mama waliitazama kwa uchu, maana wao kuta zao walizijenga kwa udongo. Wafadhili wana busara zao. Nyumba yaweza kuanguka, lakini bango litabaki kutueleza nani alitusaidia.

Mwenyekiti wa kikundi kilichoijenga alikuwa BanaKapembwa, yaani mama yake Kapembwa, Mbemba wa mwili mkubwa na sauti inayolingana nao. Mumewe alikuwa mchimba shaba, na migodi ilipomchoka wakashuka kusini hadi Chitebe, ambako serikali iliwakatia wastaafu mashamba bila kuwauliza kabila. Ndiyo maana pale Wabemba na Wangoni wanaishi ua kwa ua, wanaazimana majembe na kutukanana toka asubuhi hadi jioni. Watani wanaishije tena?

Nyumba ile ilitokana na uchungu, si na semina. Masika yaliyopita BanaNg'andu, jirani yake, alishikwa na uchungu wa kuzaa akiwa bado njiani kwenda zahanati. Mvua ilimwagika, mto ukajaa, na BanaKapembwa ndiye aliyekipokea kitoto kwenye tope na kukishika mpaka kilipokata roho na kupoa. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari nyingine. Alitaka nyumba kando ya zahanati, ambamo mwanamke atakuja mapema na kungoja saa yake akiwa pakavu.

Mfuko ukakubali. Ruzuku ndogo, wakasema, kwa ajili ya watu wa chini. Awamu ya kwanza kuta, awamu ya pili bati, baada ya mgeni kuja kutazama. Paa la nyasi lilikataliwa kwa maandishi, kwa kuwa nyasi si maendeleo. Hesabu ya BanaKapembwa ilikuwa nyepesi: bati zikija kabla ya mvua, nyumba ipo. Mvua ikitangulia, kuta za udongo zitarudi kuwa udongo, na mwanamke mwingine atazaa njiani.

Mgeni akaja. Aliitwa Madamu Hedda, mtathmini, mtu mpole mwenye kofia pana, na aliongozana na Ba Mubita, ofisa wa Mfuko kutoka Lusaka, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani. Mkutano ukafanyika ndani ya nyumba yenyewe, juani, kwa sababu ndani na nje palikuwa sawa. Akina mama walicheza ngoma, wakatoa kinywaji cha munkoyo, cha baridi, wakaonyesha risiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Sasa ningependa," alisema Madamu Hedda, na Mubita akatafsiri, "kumsikia mwananchi mmoja aliye huru kabisa, anieleze ukweli kuhusu mwenyekiti."

Watu hawakuhitaji kushauriana. Ukitaka kumjua Mbemba, unamuuliza Mngoni. Hata harusi haifunguliwi Chitebe kabla mtani hajaivuruga kidogo. Wakamsukuma mbele Bambo Shawa, seremala, mzee mwembamba asiyevua kofia hata mbele ya mchungaji. Milango yote ya nyumba ile aliitengeneza yeye, bure, huku akimtukana BanaKapembwa kwa kila msumari. Kumpa yeye nafasi ile ilikuwa heshima kubwa kuliko zote walizokuwa nazo za kumpa mgeni.

Bambo Shawa alikohoa. Madamu Hedda akasogeza simu yake ili inase vizuri.

"Mheshimiwa mgeni, karibu sana. Mwanamke huyu unayemwona ni mwizi. Mwizi mtoto wa mwizi! Sisi Wangoni tulipokuja toka kusini na mikuki yetu, hawa Wabemba tuliwakuta juu ya miti wanagombea matunda na nyani, na nyani ndiye aliyekuwa akishinda. Tukawahurumia, tukawashusha. Toka siku hiyo huyu ni mtumwa wangu. Na mama yake, yule kikongwe pale pembeni, ni mke wangu. Mahari sijatoa, wala sitatoa. Mnauliza saruji imekwenda wapi? Litazameni tumbo! Kala saruji, kala misumari, na mkileta bati atazipika na kisamvu!"

"Kaa chini, mla panya!" BanaKapembwa akamjibu. "Unanuka moshi wa panya mpaka mgeni anapiga chafya. Nani aliyemteka nani? Babu yako alitukimbia mpaka akasahau mkuki wake. Mpaka leo sisi tunakorogea ubwali jikoni!"

Nyumba nzima ikaanguka kicheko. Mama yake BanaKapembwa, kikongwe asiye na jino hata la ushahidi, alicheka mpaka akashikiliwa. Ba Mubita naye alicheka, machozi yakamtoka, maana yeye ni wa kabila la Walozi na ofisini ana mtani wake Mtonga ambaye humwita mwizi wa ng'ombe kila asubuhi kabla ya chai. Alicheka hata kutafsiri akashindwa. Akamwambia mgeni atamweleza garini.

Garini hakueleza. Alikuja kukiri mwenyewe baadaye. Barabara ilikuwa mbaya, mgeni alikuwa amechoka, na mkataba wa Ba Mubita ulikuwa unakaribia kuisha. Alipoulizwa kama yule mzee alisema kweli, alijibu kwamba ni mambo ya mila, ni magumu kidogo. Magumu! Basi sauti zile zikapelekwa ng'ambo, wakapewa watu wanaojua lugha zote duniani isipokuwa kucheka, nao wakazitafsiri neno kwa neno.

Haukupita muda Mubita akarudi peke yake. Alikataa sahani ya nshima, akakataa hata maji, ndipo BanaKapembwa alipojua kwamba jambo ni zito.

"Mama, Mfuko umesikitika sana," alisema. "Wizi wa mali ya mradi. Bibi kizee kuozwa kwa nguvu bila mahari. Chuki za kikabila. Na utumwa. Utumwa, BanaKapembwa! Neno hilo likishaandikwa kule halifutiki."

"Ba Mubita, wewe si ulicheka? Nilikuona kwa macho yangu, umeishikilia nguzo usianguke."

"Nilicheka kama Mubita. Kama ofisa sikucheka."

"Basi mwambie Mubita amweleze ofisa!"

"Mama, asiyejua maana haambiwi maana. Tena bosi wangu ndiye asiyejua." Akashusha sauti. "Lakini habari njema ipo. Fedha za bati zimefungiwa, ila kuna dirisha jingine, la amani. Kijiji chenye mgogoro kinapewa haraka. Ninyi mmefaulu vizuri mno. Mtakwenda hotelini, nyie na Wangoni wenu, mtapatanishwa, mtatia saini kwamba mmeacha lugha ya kudhalilishana. Madamu atarudi kabla ya mvua. Akikuta amani, bati zinatoka siku hiyo hiyo."

BanaKapembwa akauliza hoteli hiyo ni kiasi gani. Aliposikia, aliketi. Fedha za kuwapatanisha watu ambao hawajawahi kugombana zingeezeka nyumba ya wajawazito, zahanati, na kanisa kwa ziada.

"Hatuwezi kuzichukua hizo tukaezekea, halafu amani tukapeana bure?"

"Fedha za amani haziezeki nyumba, mama."

Wakaenda. Ungefanyaje, na mkono mtupu haulambwi? Walilala kwenye vitanda vyenye shuka nyeupe, wakanywa chai ya maziwa saa nne na tena saa kumi, wakavishwa fulana zilizoandikwa Amani Inaanza na Mimi. Mwezeshaji, kijana aliyenyoa vizuri, aliwakalisha mduara na kumwomba Bambo Shawa amwangalie BanaKapembwa machoni na kueleza maumivu anayoyabeba juu yake.

"Naumia mgongo," alisema Shawa.

Mwezeshaji akaandika ubaoni: maumivu ya kihistoria. Mwishoni wote wakatia saini. Hakuna kuitana mwizi, mtumwa, nyani wala panya, iwe hadharani au faraghani. BanaKapembwa alitia sahihi huku akijisemea kwamba kufunga mdomo mpaka mvua si kazi. Watu wamefunga mfungo wa Kwaresima, watashindwaje kufunga matusi?

Waliporudi, ndani ya lori, Shawa aliitazama fulana ya amani ilivyombana BanaKapembwa kifuani na tumboni. Kila mtu aliona neno likimpanda kooni. Akalimeza.

"Fulana imekupendeza, mama," alisema.

Lori zima likageuka kumtazama. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akavuta mtoto wake karibu.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Akina mama kisimani wakaanza kuulizana.

"Mbona Bambo Shawa hamwiti tena mwizi?"

"Hata mimi nimeona. Jana kampisha njia, kamwambia habari za asubuhi, mama."

"Mama! Yesu wangu. Basi kuna kitu."

"Kipo. Mtu unamwita mwizi ukijua hajaiba. Akiwa ameiba kweli utamwitaje? Utaona haya, utamwita mama."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wiki ile ile wanakikundi wakataka kuziona tena risiti walizozishika kwa mikono yao wenyewe. Wake wa Kingoni wakaacha kuja kusomba maji ya kurekebishia kuta. Wabemba nao, ambao miaka yote hadithi ya mikuki iliwachekesha, wakaanza kusema polepole jioni kwamba, kwa kweli, wale watu walikuja na mikuki. Watoto wakakatazwa kuvuka ua. Chitebe, ambayo haikuwa na mgogoro hata wa dawa, sasa ilikuwa nao, tena umetoka hotelini na fulana zake.

Mubita akawa anapiga simu kila Ijumaa. "Kuna tukio lolote, mama?"

"Hakuna."

"Matusi?"

"Hakuna, Ba Mubita. Watu hata hawasemeshani."

"Hongereni sana!"

BanaKapembwa alikuwa na hasira ya kuuma mpaka kwenye meno, na hakuwa na pa kuipeleka, kwa kuwa mtu aliyezoea kumpelekea hasira zake ndiye aliyekatazwa. Aliyeumia zaidi ni mama yake. Kikongwe yule hakutoka tena nje. Raha yake iliyobaki ilikuwa kukaa mlangoni akimsubiri Bambo Shawa apite aende kwenye karakana yake, amtukane, amdai ubwali wa ndoa, naye amrushie fimbo.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "mume wangu ana nini? Leo kapita, kavua kofia, kaniamkia kwa adabu. Nimekufa nini, mbona ananiheshimu?"

BanaKapembwa akamweleza tena habari za paa. Kikongwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Bati ni kitu kizuri," alisema. Kisha akaomba alazwe ndani.

Hakuamka sana baada ya hapo. Joto la kabla ya mvua lilipopamba moto, mawingu yakianza kujikusanya upande wa kaskazini, alizimika taratibu. Msiba wa mtu mzima kama yule, kwa kawaida, ni kazi ya watani. Wao ndio wanaopika, wanaochimba, wanaoficha sufuria mpaka zikombolewe, wanaomwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka waliofiwa wanashika mbavu huku machozi yanawatiririka. Maiti ya Mbemba haitoki ndani mpaka Mngoni aridhike.

Bambo Shawa alitengeneza jeneza usiku kucha. Lilikuwa limepigwa randa vizuri, kazi ya mtu aliyependa. Akalileta, akaliweka mlangoni, akavua kofia.

"Poleni sana kwa msiba huu mzito," alisema. Akaenda kukaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, na Wangoni wenzake wakakaa vilevile. Hakuna aliyeiba hata kijiko.

Ni pale tu BanaKapembwa alipohisi kwamba mama yake amekufa. Alitaka kulia, kilio hakikutoka. Msiba ulikuwa kimya kama ofisi ya wilaya.

Na siku ya mazishi ndiyo aliyoichagua Madamu Hedda, kwa sababu ndege yake ilikuwa ya kesho yake. Gari lilifika wakati jeneza limeshawekwa kando ya kaburi. Mgeni alishuka taratibu, amejifunga kitambaa kichwani kwa heshima, simu mkononi. Mubita akapenya hadi alipo BanaKapembwa, akamnong'oneza.

"Pole sana, mama. Ameona mlivyotulia, amefurahi, yaani ameguswa. Endeleeni hivi hivi. Bati ziko kwenye lori pale mjini Kapiri, zinangoja simu yake tu. Jioni zinashuka hapa."

BanaKapembwa akatazama mawingu. Upepo ulikuwa umeshabeba harufu ya mvua ya mbali. Akatazama upande wa zahanati, kuta zikiwa uchi. Akamtazama Bambo Shawa, aliyesimama nyuma ya watu wake kama mgeni asiyealikwa, macho chini, kofia ikizungushwa mikononi. Mchungaji alikuwa anafungua kitabu. Muda si mrefu mama yake angefunikwa kwa adabu zote, kama mtu asiyejulikana na yeyote.

Mtu akamgusa kiwiko. Alikuwa BanaNg'andu, yule wa kitoto cha topeni. Kama kuna mtu Chitebe aliyestahili kumwambia anyamaze, afikirie paa, alikuwa huyo.

"Mwite," alisema BanaNg'andu.

"Bati zitaondoka, mwenzangu."

"Najua. Nyasi zipo. Zitavuja, tutaziba, zitavuja tena. Mwite mtani wako amzike mama."

BanaKapembwa alivuta pumzi mpaka fulana ya amani, aliyokuwa ameivaa chini ya kitenge, ikalia mishono.

"Shawa! Wewe mla panya!"

Mchungaji akafunga kitabu. Mubita akafumba macho.

"Mke wako anashuka humo, na wewe umejikunyata huko kama mke mwenza! Ingia upime shimo! Panya mnawafukuza mpaka chini ya ardhi, leo mnaogopa kaburi?"

Bambo Shawa akavaa kofia yake. Akawapangua watu kwa viwiko, akafika ukingoni, na uzee wake wote, akajitosa ndani ya kaburi na kulala chali.

"Fupi!" sauti ikatoka chini. "Nani kachimba hili? Mbemba! Mke wangu alikuwa na shingo ndefu, shingo ya kuchungulia vyungu vya watu, mnataka kumkunja kama mwavuli? Sitoki! Sitoki mpaka nirudishiwe mahari yangu ambayo sikutoa! Na wewe mwizi mkubwa, umekula saruji, umekula misumari, sasa umeona paa halitoshi, umenilia na mke? Nani atanirushia fimbo, mtumwa wewe? Nani atani..."

Wangoni walikuwa wameshateka jeneza wanadai faini. Mtu alikuwa anakimbia na sufuria ya msiba. Kicheko kilipanda makaburini, mzee akicheka na mtoto, Mbemba akimwegemea Mngoni, na wanawake ambao hawajasemeshana toka hotelini wakishikana mikono wasianguke. BanaKapembwa alicheka mpaka kilio chake chote kikafunguka, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza toka mama yake alipokata roho. Na kwa kuwa alikuwa ukingoni kabisa, ni yeye peke yake aliyeona kwamba kule chini Bambo Shawa amejifunika uso kwa kofia, na mabega yanamtikisika.

Madamu Hedda alikuwa ameganda. Simu yake ilikuwa juu, inanasa kila kitu.

"Anasema nini yule mzee kaburini?" alimuuliza Mubita. "Nini kinatokea hapa?"

Mubita akamgeukia BanaKapembwa kama mtoto aliyesahau somo.

"Mwambie anatoa pole, Ba Mubita," alisema BanaKapembwa, akijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na zile bati, mwambie awapelekee watu wanaoheshimiana."